Mutindi na Fimbo ya Ndege

Katika banda la wachongaji lililo kando ya barabara ya Mombasa, ukishatoka Kibwezi kidogo, kila mwanamume ana kigogo chake cha kukalia. Si kiti. Ni kipande cha mti kilichosawazishwa juu na kutulizwa kwenye vumbi la mbao, na mwenyewe akisafiri au akiugua, hakuna anayethubutu kukikalia hata kama magoti yanamwaka moto. Wanawake hawana vigogo. Wao hukaa nyuma, juu ya magunia, wakipiga msasa. Mwanamume humchonga twiga kwa tezo, humtupa kwenye gunia, na mwanamke humwokota akamsugua mpaka alama zote za chuma ziishe, kisha humpaka rangi ya viatu mpaka ang'ae kama mtoto aliyepakwa mafuta Jumapili asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa banda lilipokuwa na paa la nyasi, na lilipopata mabati hakuna kilichobadilika ila joto.

Mutindi wa Musembi alikuwa mpiga msasa bora kuliko wote waliowahi kukalia magunia hayo, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Lilimuudhi kwa sababu alitaka kigogo. Hakutaka uenyekiti wala kusifiwa kanisani. Alitaka kukaa mbele, tezo mkononi na mti mbichi magotini, kama babake Musembi alivyokaa humo humo mpaka kifua kilipomwangusha. Tezo ya Musembi, ambayo wazee wa banda huiita ngomo, ilirithiwa na kaka yake Mutindi. Kaka akaenda Mombasa kuendesha tuktuk na kuiacha ikining'inia jikoni kwa mama yao, kule Mutomo, ikishika masizi. Mutindi aliitoa ukutani bila kumwomba mtu ruhusa, akaileta Kibwezi ndani ya kiondo, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichonga nyuma ya jiko lake. Majirani walidhani anapasua kuni.

Banda lina desturi yake ya kumpokea mchongaji. Unaleta kazi yako, wazee watatu wanaipokea mmoja baada ya mwingine wakiwa wamefumba macho, kidole gumba kikitembea juu yake. Wakati huo mwenye kazi haruhusiwi kusema neno. Kidole kikikwama, umeanguka. Kikipita mikono yote mitatu, unaambiwa, "Nenda katafute kigogo." Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke hawezi. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuleta kitu.

Mutindi alileta kifaru. Kidole cha Mzee Munyao kilipita. Kidole cha Mzee Kisilu kilipita pia, ingawa Mzee Kisilu alikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Kifaru akafika kwa mwenyekiti, Mwangangi, mtu mwenye mikono iliyokomaa kama mizizi na ulimi unaokata kuliko msumeno wake. Mwangangi alimgeuza kifaru, akamgeuza tena, akafumbua macho.

"Msasa mzuri sana," alisema. "Lakini mimi si ya msasa nimeulizwa. Ngomo iko wapi hapa? Umemsugua huyu mnyama mpaka amekufa. Hii ni kazi ya gunia."

Wanaume walicheka. Wengine hawakutaka kucheka, lakini mwenyekiti akichekesha, utafanya nini? Mutindi alimchukua kifaru wake, akarudi nyuma, akaendelea kumsugua twiga wa mtu mwingine. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakamwasha. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Mwangangi alikuwa amesema kweli. Mikono yake ilikuwa imezoea kufuta. Ilipoona alama ya chuma, iliifuta hata kabla hajaiamuru.

Basi siku moja akaja kijana Rashid. Rashid hutengeneza simu mjini Kibwezi, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la nguo la dada yake Mwanahamisi. Alikuja banda ameshika kidude cheusi cha plastiki kilichovunjika shingo.

"Wazee, shikamooni. Niko na shida kidogo," alisema. "Hii ni joistiki, fimbo ya kurusha ndege kwa kompyuta. Ndege za kivita, zile za zamani za Vita vya Pili. Imevunjika hapa na spea nimetafuta mpaka Nairobi nikakosa. Nikasema, watu wa mbao watanitengenezea nyingine."

Mwangangi alikishika kidude kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Hii ni toy."

"Ni game, mzee. Lakini ni game ya ukweli. Ndege inaishiwa na mafuta, injini inachemka, bunduki inakwama. Ukizembea, unaanguka."

"Na wewe ukianguka unaumia?"

"Hapana."

"Basi ukweli uko wapi?" Mwangangi akamrudishia. "Hapa tunachonga wanyama, kijana. Nenda kwa fundi wa viti."

Rashid aligeuka kuondoka. Mutindi alikuwa amemsikia vizuri tu, na alikuwa ameona jambo ambalo mwenyekiti hakuliona: hicho kitu hakikuwa na miguu wala masikio wala macho ya kupendeza watalii. Kilikuwa ni mahali pa mkono, basi. Mwanamke asiyeruhusiwa kuchonga twiga angeweza kuchonga hicho, na hakuna ambaye angedai kwamba amemwingilia kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alimfuata Rashid mpaka barabarani.

"Niachie hiyo," alimwambia.

"Auntie, wewe unachonga?"

"Wewe unataka fimbo ama unataka cheti?"

Akamwachia.

Fimbo ya kwanza Mutindi aliichonga kwa mwarobaini, ikafanana na ile ya plastiki ila ilipendeza zaidi. Aliisugua kwa msasa mkubwa, kisha kwa mdogo, kisha kwa ule uliochakaa ambao wapiga msasa huuhifadhi kwa kazi za mwisho, akaipaka rangi ya viatu ya kahawia. Ilimeremeta. Rashid aliitoa mashine ya ndani ya ile ya zamani na kuipachika kwenye hii, akamkaribisha Mutindi aje aione ikifanya kazi.

Chumba kilikuwa kidogo na mabati yalikuwa yanapumua moto wa mchana. Rashid alikuwa ameweka kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye lori bovu, na mbele yake kioo kikubwa cha kompyuta. Aliketi, akaishika fimbo ya Mutindi, na ndege ikapaa juu ya bahari ambayo Mutindi hakuijua. Punde ndege nyingine ikamjia kwa nyuma. Rashid aliinamia fimbo, akakata kona kulia, akakata kushoto, jasho likimchuruzika. Kisha mkono ukateleza. Ndege ililala ubavu, ikapinduka, ikaingia majini.

"Si makosa yako, auntie," Rashid alisema, huku akifuta kiganja kwenye suruali. "Ni joto tu."

Mutindi alikitazama kile kiganja kikifutwa na uso ukamchemka kwa aibu. Msasa tena! Alikuwa amepiga msasa kitu cha kushikwa na mtu anayetokwa na jasho, akakifanya kiteleze kama sabuni. Kosa la gunia lilikuwa limemfuata mpaka angani.

"Ondoka hapo, nami nijaribu," alisema.

Aliketi kwenye kiti cha lori. Alianguka mara moja, akaanguka tena, na mara ya tatu alianguka akiwa bado anauliza kitufe cha injini kiko wapi. Mwanahamisi, aliyekuwa amechungulia mlangoni na tepu ya kupimia nguo shingoni, alisema chombo cha kuzama hakina usukani. Mutindi hakucheka.

"Hii ndege haina uzito," alimwambia Rashid. "Niliona inaenda chini kwa kasi hivyo, nikavuta, na mkononi sikusikia kitu. Ndege ya kweli iko hivi?"

Rashid aliyapenda hayo maswali kuliko chakula. "Ndiyo shida yenyewe, auntie! Marubani wa wakati ule walieleza. Ukishuka kwa kasi, fimbo inakuwa nzito, unavuta na mikono mbili, miguu umekanyaga chini. Ukienda polepole sana karibu uanguke, fimbo inatetemeka kukuonya. Hii game inajua hiyo yote, kompyuta inahesabu upepo, uzito, kila kitu. Lakini mkono wangu haujui. Mimi nashika kijiko kwa uji."

"Kwa hivyo kompyuta haidanganyi. Mkono ndio unadanganywa."

"Hapo sasa!"

Mutindi aliing'oa fimbo yake inayometameta. "Nitachonga nyingine," alisema. "Na hii utaiweka, usiitupe. Nataka niwe naiona."

Jumamosi ile alipanda kwenda Mutomo kumsaidia mama yake, Nzisa, kupalilia ndengu. Jua lilikuwa kali na viganja vyao vilikuwa vimelowa, lakini jembe halikumteleza. Alilima mstari mzima kabla ya kuligundua hilo. Akasimama, akaugeuza mpini. Ulikuwa mpini wa zamani, na haukuwahi kuguswa na msasa tangu uzaliwe. Ulikuwa na vibapa vidogo vidogo, alama bapa zilizoachwa na tezo, kila kimoja kimelazwa mahali ambapo kidole huja kulala. Aliufumbata, akahisi mkono mwingine ndani ya wake.

"Umeona nyoka?" mama yake aliuliza.

"Nimemwona baba."

Nzisa aliegemea jembe lake. "Huo alinichongea yeye. Alisema mpini uking'aa sana unakukimbia. Alikuwa anakaa hapo kwenye tuta ananiangalia nikilima, anachukua mpini, anatoa kidogo, ananirudishia. Nikamwambia wewe unanisumbua tu. Kumbe alikuwa anaangalia mkono."

Mutindi alilia pale pale katikati ya ndengu, bila kujificha. Kisha akajifuta uso kwa leso na kumaliza mistari iliyobaki, kwa sababu magugu hayangojei mtu amalize kulia.

Aliporudi Kibwezi alianza upya, na safari hii alianza na mkono. Alimpaka Rashid mkaa kiganjani, akampa kipande cha mti, akamwambia arushe ndege kama kawaida. Rashid alipomaliza vita vyake, mti ulikuwa umechafuka mahali ulipobanwa na kubaki mweupe mahali ambapo mkono haukufika. Mutindi alitoa mti palipobana, akaacha palipolegea, akampaka mkaa tena. Mwanahamisi alilalamika kwamba mapazia yake ya dukani yameanza kuwa na alama za vidole. Walimwomba radhi, wakaendelea.

Mti wenyewe ulikuwa mkwaju, mti mgumu unaorudisha tezo kama umegonga jiwe. Fimbo haikuwa fupi tena kama ile ya plastiki. Ilisimama kutoka sakafuni mpaka kati ya magoti, kama zilivyokuwa kwenye ndege zenyewe. Uzito ukabaki kuwa kitendawili. Mutindi alileta mipira ya tyubu, ile ya manati, akaifunga kwenye shina la fimbo. Rashid akatafuta injini ya waipa, ile inayofuta kioo, kwenye gari bovu ili iwe inaikaza mipira kadiri ndege inavyozidisha kasi, kompyuta ikiiamuru. Siku ya kwanza mpira ulikatika ukamchapa Rashid pajani, akaruka kiti kizima. Siku nyingine waipa iligoma kuachilia na fimbo ikabaki imemlalia tumboni kama ng'ombe mkaidi. Wakaifungua, wakaifunga tena. Kwa ile mitetemo ya kuonya, Mutindi mwenyewe ndiye aliyepata wazo: alikwenda kwa kinyozi wa karibu na steji ya matatu, akamwomba mashine mbovu ya kunyolea, na Rashid akaificha injini yake ndani ya mpini.

Habari hazikosi miguu. Banda lote lilijua. Walimwita Rubani wa Gunia. Alipofika asubuhi, mtu mmoja aliunguruma kama injini, wengine wakainamisha vichwa kana kwamba ndege inapita. Mutindi aliketi kwenye gunia lake, akasugua twiga wao, akawaacha waungurume. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini ilikuwa hasira yenye kazi ya kufanya, na hiyo haichoshi.

Mchana mmoja Rashid alipanda juu sana, akaielekeza ndege chini. Waipa ikalia, mipira ikakazika. Ardhi ilikuja kwa kasi. Rashid alivuta kwa mkono mmoja, fimbo ikakataa. Akashika kwa miwili, akakanyaga sakafu, akanguruma, jasho likimtiririka mpaka kwenye vidole. Vidole havikuteleza. Pua ya ndege ikainuka polepole, miti ikapita chini, na ndege ikanyooka. Aliachilia fimbo na kubaki akiitazama mikono yake.

"Auntie," alisema kwa sauti ndogo, "hii kitu sasa naiogopa."

"Imeharibika?"

"Hapana. Ni ukweli, ndiyo maana."

Kesho yake Mutindi aliibeba fimbo mpaka banda, akasimama mbele ya vigogo, akasema ameleta kazi. Kicheko kilianza, kikaisha chenyewe walipoona kwamba hachekeshi. Wazee watatu walifumba macho. Kidole cha Munyao kilitembea, kikasimama, kikatembea. Cha Kisilu kilisimama mara nyingi zaidi. Mwangangi hata hakufika mwisho.

"Makovu," alisema. "Imejaa makovu ya ngomo. Hii haijaisha."

"Imeisha, mwenyekiti," Mutindi alisema. "Nimeyaacha."

Desturi ni kwamba ukiambiwa kosa, unainamisha kichwa na kusema asante. Hakuna aliyewahi kujibu.

"Nilileta kifaru, ukasema nimesugua mpaka amekufa," Mutindi aliendelea. "Leo nimeacha ngomo ionekane, unasema makovu. Mwiko haujaribiwi ukutani, mzee, unajaribiwa ndani ya sufuria. Njooni muishike mahali inafanya kazi."

"Wazee hawafuati kazi ya mtu nyumbani," Mwangangi alisema.

Mzee Munyao alikohoa. "Lakini ule msalaba wako wa kanisa, mwenyekiti. Hapa tulisema ni sawa. Ukaenda mwenyewe kanisani kuona ukitundikwa, ukaona umelala upande mmoja, ukaurudisha."

Mwangangi alimkazia macho Munyao kwa muda mrefu sana, kwa sababu hakuna jambo baya kama kukumbushwa mbele ya watu. Kisha akamgeukia Mutindi.

"Tutaenda," alisema. "Lakini sikiza, mwiitu, binti wa Musembi. Ikikosa huko, hutaleta tena kitu mbele ya hawa wazee. Utakaa kwa gunia na utanyamaza. Umekubali?"

Mutindi alijua vizuri alichokuwa anaweka mezani. "Nimekubali," alisema.

Ilikuwa siku ya soko, na Kibwezi yote iliwaona wazee watatu wakipita katikati ya mafungu ya nyanya na sukumawiki na kuingia duka la nguo za wanawake. Mwanahamisi aliwapa viti na kuwauliza kama wangependa kuona madira. Walikataa kwa heshima.

Mwangangi aliketi kwenye kiti cha lori. Alikataa kuvishwa vipokea sauti masikioni. Rashid aliiweka ndege hewani tayari, akamwonyesha mbele, nyuma, kulia, kushoto, na alipotaka kueleza zaidi Mutindi alimvuta shati. Kazi ilikuwa mikononi mwa wazee. Sheria ya mdomo kufungwa ilikuwa palepale, na hakutaka mtu aje kusema kwamba alishinda kwa maneno.

Mwenyekiti alivuta. Ndege ikainua pua, ikazidi kuinua, ikaanza kuchoka. Fimbo ikatetemeka mkononi mwake.

"Imeharibika," alisema Mzee Kisilu.

Mutindi aliuma mdomo. Alikuwa anajua la kusema, neno moja tu, legeza, na hakulisema. Alimtazama Mwangangi mkononi. Kila mchongaji anajua kwamba mti hauchaniki ghafla. Kwanza hutetemeka kidogo chini ya tezo, na mkono uliokomaa huacha kusukuma kabla kichwa hakijafikiria. Mkono wa Mwangangi ulikuwa umekomaa. Ulilegea wenyewe. Pua ya ndege ikashuka, mtetemo ukakoma, na ndege ikaendelea kuruka.

"Mh," alisema mwenyekiti. Alikaa vizuri kitini.

Ila sasa pua ilikuwa imeelekea chini, na alipotanabahi kasi ilikuwa imekuwa kubwa. Waipa ililia. Alivuta kwa mkono mmoja kama mtu anayefungua droo, droo ikagoma. Akashika kwa miwili. Akakanyaga. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamwagika mpaka kwenye mkwaju, na midomo ikaanza kusema kitu kwa Kikamba ambacho kilikuwa aidha sala au tusi. Ardhi ilijaa kioo chote. Munyao aliinuka kitini. Kisha ndege ikanyooka, ikapita juu ya paa la nyumba moja, ikapanda.

Mwangangi aligeuka kumwangalia Munyao kuhakikisha kwamba ameona, na papo hapo akaigonga milima.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa anahema. Alifungua viganja vyake, akavitazama, akavifumba.

"Hii si ya kwanza," alisema. "Nimesikia kulikuwa na nyingine."

Rashid alimtazama Mutindi. Mutindi akatikisa kichwa kukubali, na Rashid akaitoa ile ya mwarobaini chini ya meza, bado inameremeta, akaipachika. Mwangangi alirusha tena, kwa viganja vile vile vyenye jasho. Alijaribu kukata kona. Mkono ukateleza, na ndege ikaanguka bila hata kumwambia kwaheri.

Akaomba zote mbili. Aliziweka magotini, moja kila mkono, akafumba macho. Kidole gumba cha kushoto kilipita juu ya ile inayong'aa bila kukwama popote, mwanzo mpaka mwisho. Cha kulia kilitembea juu ya mkwaju polepole, kikaingia kwenye kibapa, kikatulia. Kikainuka, kikaingia kwenye kingine. Alikaa hivyo mpaka Mwanahamisi akaja kuuliza kama mzee anaumwa.

"Twende," alisema Mwangangi. Alisimama, akampa Rashid fimbo zote mbili, akatoka. Wenzake wakamfuata. Hakumtazama Mutindi, na hakusema ndiyo wala la.

Ugali wa jioni ulimshinda Mutindi. Alijiambia mambo mengi ya kujipa nguvu na hakuamini hata moja. Asubuhi aliitia tezo ya babake kwenye kiondo, akaitoa, akaitia tena. Akaenda.

Alipofika banda, gunia lake halikuwapo. Mahali pake palikuwa pamefagiliwa, peupe. Kathini, aliyekaa jirani yake miaka yote, alikuwa ameinamisha uso juu ya tembo wa mbao na hakuuinua. Kumbe hata gunia lenyewe wamemnyang'anya.

"Mutindi," Mwangangi aliita kutoka mbele, bila kugeuka. "Umekuja mikono mitupu?"

"Mikono mitupu vipi, mwenyekiti?"

"Hapa kuna desturi. Kigogo kinatafutwa na mwenyewe. Ama ulitaka tukubebee?"

Alikimbia. Mwanamke mzima, mama wa watoto, alikimbia kando ya barabara ya Mombasa mpaka malori yakampigia honi. Nyuma ya jiko lake kilikuwapo kipande kilichobaki cha ule mkwaju, na alikivingirisha kwa miguu na mikono njia nzima mpaka bandani, akakituliza kwenye vumbi la mbao kati ya Munyao na mwanya uliokuwa wa Musembi zamani. Kiliyumba. Alichimba kidogo chini yake kwa kisigino, kikatulia. Akaketi. Akaitoa tezo kwenye kiondo, na Mzee Munyao alipoiona aliitambua, akaondoa kofia yake kwa muda mfupi, akaivaa tena.

Kazi iliendelea kama siku zote. Tezo zililia, malori yalipita. Baada ya muda Mutindi alisikia mkwaruzo usio na mpango wowote, akageuka. Mwenyekiti Mwangangi alikuwa amelikunja lile gunia la Mutindi mapajani, twiga amelala juu yake, na kipande cha msasa mkononi. Alikuwa anamsugua twiga kinyume na nyuzi za mti, na kumchubua vibaya sana.

"Sina mpiga msasa leo," alisema kwa ukali, kana kwamba kuna aliyemuuliza. Alisugua tena, akamtazama twiga, akashusha sauti. "Mutindi. Hii kitu huwa inaanzia wapi?"

"Chini ya tumbo, mwenyekiti," alisema Mutindi, bila kuinuka kwenye kigogo chake. "Na uende pole."